Kichupa cha Maji Matupu

Jina la Kupe alipewa na kaka yake, na wala halikuwa la kumtukana. Alikuwa na miaka saba. Wenzake wanacheza mpira, yeye amejikunyata chini ya tumbo la kondoo saa nzima, anachambua kupe mmoja mmoja na kuwatia kwenye kiberiti kitupu. Kaka yake, aliyemzidi miaka mitano na ndiye aliyechunga kundi la baba yao, akamwambia, "We Kupe, toka huko, kondoo atakukojolea." Kondoo akamkojolea kweli. Jina likaganda.

Alipokua akawa daktari, lakini si wa sindano na vidonge. Alikuwa daktari wa virusi, vile vijidudu ambavyo hata ukivikodolea macho mpaka yatoke machozi huvioni. Majirani hawakuielewa sawasawa kazi hiyo. Mmoja alimfungulia mdomo barazani amtazame jino. Kazi yake ilikuwa kufuata magonjwa yanayotoka kwa wanyama na kuwaingia watu. Amewatoa popo kwenye nyavu huku wakimng'ata glovu. Amesimama machinjioni tangu kunapambazuka, buti za mpira miguuni, akikinga damu ya ng'ombe kwenye vichupa wakati wachinjaji wanamtania kwamba anaiba supu yao. Amebisha hodi nyumba hadi nyumba akiomba damu kijiko kimoja, na watu wakamuuliza anaipeleka kwa mganga gani. Miaka ishirini na mbili ya hivyo. Mvi zilimwota ndani ya kofia ya plastiki.

Na mtu wa kwanza kumshikia mnyama alikuwa huyo huyo kaka yake. Kupe akija likizo na sindano zake kwenye kopo la biskuti, kaka anamkaba kondoo katikati ya magoti na kusema, "Chukua upesi, huyu ana hasira kama Dada Mkubwa." Dada Mkubwa ndiye kifungua mimba wao, na hasira alikuwa nazo kweli.

Sasa kaka alikuwa fundi baiskeli kwenye kona ya barabara. Watu wote walimwita Fundi. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita bila yeye kugusa kondoo.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka ule mvua zilizidi, na kondoo wakaanza kuharibu mimba. Mama yao alikuwa bado ana nguvu zake. Siku moja akamzalisha kondoo mwenye doa jeusi, kwa mikono mitupu, kwa sababu Fundi alimwomba amsaidie. Baada ya siku mbili mama akashikwa na homa. Fundi akampigia simu mdogo wake.

"Kupe, mama anatetemeka. Natafuta gari nimpeleke hospitali."

Kupe wakati huo alikuwa amezama kwenye ugonjwa mmoja unaoharibu mimba za mifugo na kuua watu. Alikuwa anauota. Akasema, "Subiri kwanza. Usimpeleke mahali penye watu, mtaambukiza wadi nzima. Nakuja kuchukua damu."

Fundi akasubiri. Ndivyo alivyozoea, Kupe akisema jambo la magonjwa linakuwa limesemwa. Kupe alifika kesho yake jioni, akachukua damu ya mama na ya kondoo, akaondoka nayo kwenye boksi la barafu. Mama akafariki asubuhi iliyofuata, kitandani kwake, kabla ile damu haijaingia kwenye mashine.

Sasa, kwenye maabara ile mtu hapimi damu ya nduguye. Unaandika namba juu ya kichupa, unampa mwenzako, anapima bila kujua ni ya nani. Kupe hakumpa mtu. Alifungua mlango siku ambayo wengine hawapo, akavaa koti, akapima mwenyewe, macho yamevimba.

Kwenye kila kipimo huwekwa vichupa viwili vya ziada. Kimoja kina virusi vinavyofugwa pale maabara, ili ijulikane kwamba mashine inaona. Kingine kina maji matupu, ili ijulikane kwamba mikono ya mpimaji ni misafi. Cha virusi kikiwaka, ni sawa. Cha maji kikiwaka, umechafua. Hapo hakuna maneno, unamwaga vyote, unafuta meza kwa dawa, unaanza upya.

Cha virusi kikawaka. Kichupa cha mama kikawaka. Vya kondoo vikawaka. Na mwisho kabisa, mashine ikiwa karibu kuzima, mstari wa maji ukainuka kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni.

Aliuona. Hakuna aliyemziba macho. Akakaa akiutazama, na kitu kimoja tu kikampitia kichwani: kama si ugonjwa huu, basi ile "subiri" yangu ilikuwa ya nini? Akachukua kalamu. Kwenye kisanduku cha maji akaandika, "Safi."

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Maofisa wa mifugo wakaja na bunduki na madumu ya chokaa. Kondoo arobaini na mmoja. Fundi ndiye aliyechimba shimo, maana alisema hawezi kuwaachia wageni. Pale msibani Dada Mkubwa akamnyooshea kidole mbele ya watu, "Wewe na kondoo wako!" Hakuongeza neno, na halikuhitajika. Tangu siku hiyo, nyumbani kwa Dada Mkubwa, Fundi alikuwa na kikombe chake, cha bati la manjano, kimebanduka rangi ukingoni. Kikombe hicho hakikuingia kabatini na vingine. Kilining'inia kwenye msumari wake nje, karibu na bomba la maji. Fundi akija, anakichukua mwenyewe, anakiosha mwenyewe, anakirudisha mwenyewe.

Kupe naye akaandika ripoti yake. Ilisomwa na wakubwa. Ilimpandisha ndege, ikampa ofisi yenye dirisha, na kila aliposimama mbele ya watu alionyesha picha ya kondoo upande huu na mshale kwenda upande ule, na mwisho wa mshale maneno, "Sampuli ya binadamu namba saba." Watu walipiga makofi. Namba saba alikuwa mama yake.

Basi mwaka huu wakaamua kumpa nishani. Kabla ya siku yenyewe, mkuu wa maabara akataka zile damu za zamani zisomwe upya kwa mashine mpya, ile inayosoma kirusi herufi kwa herufi, ili zipatikane picha nzuri za kuonyesha ukumbini. Kazi akapewa fundi sanifu wao, mwanamke mnene asiyependa mzaha, ambaye kila mtu alimwita Mama Mashine kwa sababu mashine zilimtii yeye kuliko mainjinia.

Asubuhi moja Mama Mashine akaingia ofisini kwa Kupe. Akafunga mlango nyuma yake, na hakuwa mtu wa kufunga milango.

"Daktari, ile namba saba."

"Ina nini?"

"Haina."

Kupe akacheka kidogo. "Haina nini, mama?"

"Haina virusi hata kimoja. Ina malaria, imejaa kama uji. Nimerudia mara tatu. Ya tatu nikampa mwenzangu bila kumwambia ni ya nani. Ni ile ile. Na kondoo pia, hawana."

"Lakini ilishapimwa. Iliwaka."

"Iliwaka, ndiyo. Mabaki ya kile kipimo yalikuwa bado kwenye friza, nikayasoma nayo." Mama Mashine akashusha pumzi. "Yana pengo."

Kupe hakuhitaji kuelezwa. Virusi vya maabara yao vilikuwa vimefugwa miaka mingi mpaka vikapoteza kipande, na pengo hilo halipo kwa virusi vya porini. Ni kama wachungaji wanavyokata sikio la mnyama: ukiona chale unajua katoka zizi gani. Kilichowaka siku ile hakikutoka kwa kondoo wala kwa mama. Kilitoka mezani pake, kwa mikono yake mwenyewe.

"Karatasi ya siku ile umeiona?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu, jinsi ilivyokuwa ndogo.

"Nimeiona. Mstari wa maji unapanda." Mama Mashine alikuwa anatazama viatu vyake. "Pembeni kumeandikwa safi. Mwandiko naujua." Akauliza bila ubaya wowote, kama anavyouliza nani atafunga friza jioni, "Utaandika wewe, Daktari, au niandike mimi?"

"Nipe mpaka Jumatatu."

Alipobaki peke yake masikio yalikuwa yanawaka moto. Alitazama zile picha ukutani, yeye na wakubwa, yeye na popo, akaona mwanamke anayetabasamu kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima na hajui kwamba mwenyewe yupo humo humo ukumbini.

Siku ile ile alasiri akaenda kwenye kona ya baiskeli. Fundi alikuwa anabishana na mteja.

"Mzee, tairi hii haina pancha, ni upepo tu umetoka," mteja alisema.

"Upepo umetoka wapi sasa, umekwenda harusini?" Fundi akauchovya mpira kwenye beseni la maji. Vipovu vikapanda mfululizo. "Haya, bishana na maji."

Kupe akaketi kwenye kreti na kungoja. Aliitazama mikono ya kaka yake, mipana, kucha nyeusi kwa grisi. Mikono hiyo ilimbeba mgongoni kuvuka mtaro, mvua ikinyesha, ili asilowe sare ya shule. Mteja alipoondoka, akasema yote, moja kwa moja, kwa sababu alijua akizungukazunguka hatafika. Akasema habari ya malaria, ya pengo, ya maji kuwaka. Akasema aliona.

Fundi alikuwa bado ameshika kipande cha msasa. Alikigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo si kondoo."

"Si kondoo."

"Hata yule mwenye doa?"

"Hata yeye, kaka."

Akatikisa kichwa taratibu, akitazama barabara. Lori likapita, vumbi likatulia. "Yule alikuwa hataki kutoka zizini siku ile ya bunduki," akasema. "Nilimwita kwa jina, akatoka."

Kupe akashindwa kumtazama. "Na ile simu. Mimi ndiye niliyesema subiri."

"Najua. Nilikuwa upande wa pili wa simu."

"Hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Dada? Angekutafuna mbichi bila chumvi." Akafuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Nilisema moyoni, mmoja akilaumiwa inatosha. Mimi nina ngozi ngumu. Wewe ungeacha kazi, na kazi ndiyo uliyokuwa nayo."

Halafu akasema maneno ambayo Kupe hakuyategemea. "Sikia, mdogo wangu. Yamepita. Mama harudi, kondoo hawarudi. Jumapili Dada anakufanyia sherehe, amealika ukoo wote. Kula keki, chukua nishani yako, tuyaache."

Kupe akashukuru. Akaondoka pale mwepesi, kifua kimefunguka, na alipofika njia panda ndipo alipoelewa kwamba ule wepesi ulikuwa furaha. Amefurahi! Mtu amejibebesha kaburi la mama yake miaka kumi na minne, leo anaambiwa hakuwa na kosa, na neno lake la kwanza ni kumtafutia mdogo wake njia ya kutokea. Naye mdogo mtu ameichukua njia hiyo mbio. Alisimama pale na mkoba wake, watu wanampita, akatamani avue uso auweke mfukoni.

Jumapili nyumba ya Dada Mkubwa ilijaa. Viti vya plastiki vilikuwa vimekodiwa, keki ilikuwa ya ghorofa mbili, na juu yake kondoo mdogo wa sukari, maana mpishi aliambiwa daktari ni wa mifugo. Dada Mkubwa alikuwa anazunguka na kijiko mkononi kama askari wa barabarani.

"Daktari wetu kaeni naye vizuri! Wewe, mpishe mama yako mdogo! Mmeona pua hiyo? Pua ya baba. Akili ndiyo sijui alitoa wapi, kwetu haikuwapo."

Watu wakacheka. Fundi alifika mwisho, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hakuna aliyempangia kiti hicho. Kilikuwa kinamngoja tu, kama siku zote. Kupe alimtazama kwa pembe ya jicho, akajiambia atasema baada ya chai. Halafu akajiambia ni bora baada ya keki. Halafu akajiambia labda Jumatatu, kwa maandishi.

Chai ikamiminwa. Fundi akatoka nje kuchukua kikombe chake, lakini safari hii kilikuwa hakipo msumarini. Mjukuu wa Dada Mkubwa, msichana wa miaka mitano hivi, alikuwa amekivuta kwa fimbo na sasa anakinywea maji bombani. Mama yake akamwona kupitia dirishani, akatoka mbio, akampiga kofi la mkononi. Kikombe kikalia kwenye saruji.

"Nimekwambia mara ngapi! Hicho cha babu fundi, kina vijidudu!"

Mtoto hakulia. Alikuwa wa wale wanaotaka kujua. Akaingia ndani moja kwa moja mpaka kwa Kupe, midomo imelowa.

"Bibi Daktari, kina vijidudu gani?"

Chumba kizima kikageuka, watu wakitabasamu, wakingoja jibu la kisomi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, ameshaokota kikombe chake, anakifuta kwa kidole gumba.

Hapo ndipo aibu ilipomshukia Kupe yote kwa pamoja, na haikuwa hata ile ya kichupa cha maji. Hata kama mama angekufa kwa ugonjwa ule, hata kama ripoti yake ingekuwa kweli tupu, kikombe kisingekuwa na kitu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Angetamka sentensi moja tu, sikukuu yoyote, mwaka wowote, kikombe kingeingia kabatini. Alikuwa ameketi humu miaka kumi na minne, mtaalamu, akinywa chai kwenye kikombe cha maua na kukitazama kile kikining'inia nje. Hakusema, kwa sababu kila mtu alipomtazama kaka yake hakuna aliyemtazama yeye.

"Hakina," akamwambia mtoto. "Hakina chochote. Hakijawahi kuwa nacho."

Kisha akasimama, akasema mbele ya wote. Alisema vibaya. Alianza na mashine, akarudi kwenye vichupa, akapotea kwenye pengo. Dada Mkubwa akamkatiza, kijiko bado mkononi.

"Ngoja, ngoja. Mimi maji kuwaka siyajui. Nijibu kama mtu: kondoo walimuua mama au hawakumuua?"

"Hawakumuua. Ilikuwa malaria. Kaka alitaka kumpeleka hospitali siku ile ile, mimi nikamwambia asubiri."

Dada Mkubwa akaketi, polepole, mtu mzima anayetafuta kiti kwa mkono. Akamgeukia Fundi.

"Na wewe ulijua habari ya simu?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza nikikuwekea kikombe nje kama bakuli la mbwa?"

"Uliniwekea, dada," Fundi akasema. "Na chai ulikuwa unaijaza."

Dada Mkubwa akajifunika uso kwa khanga. Alipoufunua alikuwa anamtazama Kupe, na Kupe akajua kwamba jicho hilo atakaa nalo sana. "Keki hii siikati," akasema. "Sitaikata kwa mkono wangu."

"Basi mpe mtoto kisu," Fundi akasema. "Yeye ana kosa gani?"

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo. Dada Mkubwa akainuka, akamnyang'anya Fundi kikombe cha bati, akafungua kabati la vioo, akatoa glasi ya wageni yenye ukingo wa dhahabu, akaijaza chai, akampelekea Fundi kwa mikono miwili. Chai ikamwagika kidogo. Fundi akaipokea, akapuliza, akaihamisha mkono huu na ule.

"Hizi za wageni zinaunguza, hazina mkono," akasema mwishowe. "Kikombe changu nirudishieni."

Watu hawakujua wacheke au walie. Kupe hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alisimama tu pale aliposimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi.

Nishani haikutolewa. Jumanne, si Jumatatu, Kupe alikwenda kwenye kona ya baiskeli na barua mkononi, ile ya kuifuta ripoti yake, kabla hajaipeleka kwa Mama Mashine. Fundi akasema anataka kuisoma mwenyewe. Aliisoma polepole, akiufuata mstari kwa kidole, na grisi ikaacha njia kwenye karatasi.

"'Sampuli namba saba.' Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Huwezi kuandika mama?"

"Hairuhusiwi, kaka."

"Basi." Akaendelea. "'Mpimaji aliona kichupa cha maji kimewaka, akaandika kuwa ni safi.' Na huyu mpimaji ni nani?"

"Mimi."

"Huyo anaruhusiwa kuandikwa?"

"Anaruhusiwa."

Fundi akamrudishia karatasi, akamsukumia kreti akae, akautoa mpira mwingine kwenye tairi. Kupe akaiweka barua juu ya goti. Akalikata lile neno mpimaji, na juu yake akaandika jina lake lote, lile la kwenye vyeti, ambalo kaka yake hakuwahi hata siku moja kumwita.